Boksi Tupu Juu ya Meza ya Mama

6 Januari

Kengele mwanangu,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na lenzi ya kazini jichoni, maana mwandiko wako umeanza kuwa wa daktari. Unasema sasa uko tayari kusikiliza sauti za mama yako. Ni mwaka mmoja na miezi miwili. Sikukuharakisha, na sitakuuliza kwa nini leo.

Zipo. Laptop yake iko palepale kwenye meza yake, upande wa pili wa kioo kinachotenga karakana yangu na sebule. Ni sauti thelathini na moja, zote alizokurekodia miezi yake ya mwisho, ndani ya folda yenye jina lako la utani. Mimi sijafungua hata moja. Ni zako.

Ila mashine yenyewe inanitia wasiwasi. Imezeeka. Wiki hii nimeweka kidole juu yake nikahisi kitu ndani kinagonga, kinasita, kinagonga tena. Saa ikifanya hivyo huwa ina kiu ya mafuta. Nikaenda dukani kutafuta chombo cha kuhifadhia nakala. Muuzaji akanitolea diski ya kuchomeka, boksi la diski moja na boksi la diski mbili, akamwaga maelezo mengi huku amenipa kisogo, anapanga rafu zake. Nikatoka kama nilivyoingia. Nichague lipi? Wewe ndiye unayelinda kompyuta za watu.

Simu usihangaike nayo. Haishiki vizuri humu ndani. Andika.

Baba yako,
Fundi Saa

15 Januari

Baba, shikamoo.

La kwanza kabla ya yote: kama inagonga, izime. Usiiwashe tena, usiitikise, na nakuomba sana kwa sababu nakujua, usiifungue. Diski ya kompyuta si saa, Baba. Ndani yake kuna sahani inayozunguka, na mkono mdogo unaopita juu yake bila kuigusa. Chembe moja ya vumbi inatosha kuharibu kila kitu. Ikigonga, maana yake mkono umeanza kukosa njia. Wapo mafundi wenye vyumba visivyo na vumbi kabisa, kazi yao ni kutoa vilivyomo. Nitakutafutia.

Sasa maboksi. Diski ya kuchomeka ni nzuri, lakini ikianguka mezani ndiyo basi. Boksi la diski moja nalo litakufa siku moja na kuondoka na kila kitu. Chukua la diski mbili: kila unachoweka kinaandikwa kotekote, moja ikifa nyingine ipo. Ila usije ukalegea ukadhani umemaliza. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, zote mbili zinakifuta papo hapo. Kazini tuna sheria yetu: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba. Nimeifundisha kwa watu wengi. Kwa mama yangu mwenyewe sikufanya.

Nimepiga simu mara nne tangu mwaka uanze. Inaita mpaka inakatika. Ya video pia hupokei. Kama bado una hasira na mimi kwa kutowahi mazishi, niambie tu, Baba. Afadhali nijue.

Kengele

2 Februari

Mwanangu, marahaba.

Laptop nimeizima kama ulivyoagiza. Haigongi tena.

Hasira sina. Nimeshakwambia, ni simu.

Tuongee maboksi. Hilo la diski mbili linapata joto? Maana meza ya mama yako iko dirishani na jua la mchana linaipiga. Linachomekwa kwa waya au linatumia hewa? Ruta ya intaneti ya mama yako bado inawaka, sijaizima hata siku moja, ingawa hakuna anayeitumia. Linakaa limewashwa muda wote, au linazimwa kama redio? Na zile diski mbili, ni lazima ziwe pacha au hata ndugu wa mbali wanakubaliana?

Muuzaji alikuwa na karatasi inayosema unaweza pia kuhifadhi vitu vyako kwenye kompyuta za watu wengine huko mbali. Hiyo nimeikataa. Saa ya mteja siiachi hata kwa jirani nikienda msalani, nitaacha maneno ya mke wangu kwa watu nisiowajua?

Jibu yote. Usirukeruke.

Baba yako,
Fundi

13 Februari

Baba, shikamoo.

Hao watu usiowajua huko mbali ni mimi.

Niko peke yangu zamu nzima kwenye ukumbi mrefu wenye baridi. Kuna makabati ya chuma kulia na kushoto, feni zinavuma mpaka navaa viziba masikio, na taa ndogo za kijani zinapepesa kila moja kwa wakati wake. Ndani ya makabati kuna harusi za watu, watoto wao, makaratasi yao. Diski ikifa naitoa, naweka nyingine, na mwenyewe hajui kama kulikuwa na hatari. Siku nyingine natoka bila kuongea na mtu, nikifika dukani kununua mkate sauti inatoka imekwaruza. Nimeishi hivi miaka minane nikisema nimezoea.

Majibu yako, bila kurukaruka. Joto linapata, lakini kidogo. Vuta pazia mchana. Tumia waya, hewa inachelewa na kukatika. Liache limewashwa. Diski ziwe pacha.

Wala usirudi kwa yule muuzaji. Nimenunua mwenyewe, nimeshatengeneza kila kitu, kazi yako ni kuchomeka tu. Nimekuchorea. Waya wa bluu unatoka kwenye ruta. Sikuweka alama nyingine kwa sababu fundi saa hahitaji.

Nimefurahi kwamba haigongi. Umenitoa roho na kunirudishia. Nikipata jina la wale mafundi nitakuletea, tutazitoa sauti polepole.

Kengele

10 Machi

Mwanangu, marahaba.

Limefika, halina hata mkwaruzo. Dogo kuliko nilivyodhani, kama kopo la biskuti. Nimeliweka juu ya meza ya mama yako, mahali alipokuwa akiweka kikombe. Waya wa bluu nimeuchomeka. Taa ziliwaka moja baada ya nyingine, ya mwisho ikasita kidogo, nikadhani nimeharibu, kisha ikawaka.

Ni kitu kizuri. Nimeweka kiganja juu yake, linatetemeka kwa mbali sana, kama mtu aliyelala vizuri.

Nina swali. Hizo diski pacha, zinaweza kudumu miaka mingapi? Na vumbi, nilifute kwa kitambaa kikavu au chenye unyevu? Na je, pazia livutwe lote au nusu?

Sauti nitaziweka wiki ijayo. Sasa hivi nina saa nyingi za wateja.

Baba yako,
Fundi

24 Machi

Baba, shikamoo.

Kikavu. Miaka mitano hivi. Nusu inatosha.

Sikukwambia kwamba boksi naliona kutoka huku. Nilitaka kuangalia kama linafanya kazi, kisha nikawa nachungulia kila siku nikianza zamu. Kwako inakuwa saa kumi alasiri. Naona diski zote mbili ni nzima. Naona joto linapanda mchana na kushuka ukivuta pazia. Jumanne lilipanda likakaa juu mpaka jioni, nikasema leo Baba kasahau pazia, au hayuko nyumbani, au anaumwa. Jumatano likashuka, nikanywa chai yangu kwa amani. Ni ujinga, lakini ndiyo habari pekee ninayoipata ya nyumba ile.

Naona pia kwamba ni tupu. Wiki mbili sasa, hakuna hata faili moja.

Nimesoma barua zako zote upya. Unauliza waya, joto, pazia, vumbi, kila kitu isipokuwa namna ya kuhamisha sauti zenyewe. Hilo hujauliza hata mara moja. Baba, laptop iko wapi?

Kengele

6 Aprili

Kengele,

Laptop iko mezani pangu, katika vipande.

Nilipokuandikia Januari nilisubiri siku kumi na nane. Kila siku naweka kidole, kila siku kugonga kunazidi. Niliogopa ife kabla hujajibu. Miaka arobaini na mbili watu wananiletea vitu vinavyogonga vibaya, na mimi navirudisha vinagonga vizuri. Nikaosha mikono, nikatandika kitambaa cheupe, nikafungua. Nilipofika kwenye kile kijumba cha chuma nilikuta vile vile ulivyoeleza baadaye: sahani inang'aa mpaka nikaiona sura yangu, na mkono mdogo mzuri kuliko wa saa yoyote niliyowahi kushika. Nikaupuliza vumbi. Nikatia tone moja la mafuta kwenye egemeo la mkono, tone dogo, kwa sindano. Nikafunga, nikawasha. Sahani ilizunguka kidogo ikasimama.

Barua yako ya kunikataza ilifika kesho yake.

Sikuweza kuandika. Kisha nikaona nikikwambia hutaniandikia tena, maana ulichokuwa unakitaka kwangu ndicho nilichokiua. Ndiyo maana nikauliza maboksi. Kila swali lilileta barua. Swali la pazia nililitunga tu.

Sijui baba mwingine anaomba vipi msamaha kwa mwanawe kwa kitu kama hiki. Nisamehe.

Fundi

19 Aprili

Baba,

Usifute mafuta. Usiguse chochote tena. Ifunge diski kwenye mfuko safi, uitume kwa anwani niliyoandika nyuma ya karatasi hii. Ni wale mafundi.

Sina la kuongeza.

K.

20 Mei

Kengele mwanangu,

Niliituma siku ileile barua yako ilipofika. Nadhani wewe umeshapata taarifa zao, mimi sijapata.

Hujaandika mwezi mzima, na sikulaumu. Ila nimegundua jambo. Boksi lina taa moja ya kijani ambayo mchana kutwa imetulia tu. Ikifika saa kumi alasiri inapepesa, haraka haraka, kama dakika mbili, kisha inatulia. Siku ya kwanza nilidhani inaharibika. Siku ya nne nikaelewa kwamba ni wewe umefungua macho.

Sasa saa tisa na nusu nafunga kazi. Nahamisha kiti changu upande ule wa kioo, nakaa mbele ya boksi. Jumapili haikupepesa, nikakumbuka kwamba Jumapili hufanyi kazi.

Sikuombi uandike. Nakuomba tu usiache kuchungulia.

Baba yako

9 Juni

Baba, shikamoo.

Majibu yametoka. Mafuta yalienea kwenye sahani yote ilipozunguka. Wamejaribu wiki nne. Hakuna sauti hata moja. Walinitumia picha ya sahani, nikaizima skrini nikaenda kusimama katikati ya makabati.

Nimekuwa na hasira na wewe, halafu nikajigeuzia mwenyewe. Mwaka mmoja na miezi miwili sauti zilikuwepo nzima, na mimi nilikuwa naogopa kuzisikia. Ningeweza kukuomba siku yoyote uzitume, na ningekuelekeza hatua kwa hatua. Mimi ninayelinda vya watu wote nilisema kesho.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kukutamkia. Nilifika siku tatu baada ya mazishi. Nyumba imejaa watu, wewe umejifungia karakana, umekaa kwenye kiti chako, mgongo kwangu. Nilisimama mlangoni nikakuita. Nikakwambia yote: kwamba ndege ilichelewa, ndiyo, lakini pia kwamba nilichelewa kuomba ruhusa kwa sababu sikutaka kuamini. Nikakuomba msamaha. Niliongea mpaka nikalia. Hukugeuka, Baba. Ulikuwa umeinamia saa ya mtu. Siku mbili nilizokaa pale ulinijibu kwa kutikisa kichwa, na tangu hapo hujapokea simu yangu hata moja. Kisha unaniambia hasira huna.

Nilikuwa natumaini kwamba kwenye zile sauti Mama alisema kitu. Aliniandikia tu kwamba amenirekodia, nisikilize nikiwa tayari. Wewe ulikuwa hatua tano kutoka kwake, kioo tu katikati. Hukusikia hata neno?

Kengele

20 Juni

Kengele mwanangu, marahaba, na marahaba ya siku ile pia, maana nadhani ulinisalimia.

Sikusikia hata neno. Mimi sisikii.

Si kwamba nasikia vibaya. Sisikii kabisa. Sikio la kushoto lilianza kufa miaka sita iliyopita, la kulia likalifuata. Mama yako ndiye aliyekuwa masikio yangu. Mteja akisema, yeye anarudia huku ananitazama usoni, na mimi najibu kama mtu mzima. Ukipiga simu, yeye anakwambia Baba anakusalimia. Nilimkataza kukwambia. Fundi saa asiyesikia saa, nani ataniletea kazi? Na wewe ungeacha maisha yako kuja kunihurumia. Simu yako ikiita naiona inatetemeka mezani, jina lako limewaka. Naiangalia mpaka inazima. Nikipokea nitasema nini?

Siku ile sikujua kwamba uko mlangoni. Wallahi sikujua. Mtu akiwa nyuma yangu hayupo. Niligeuka baadaye nikakuta mlango wazi, nikafikiri ni upepo.

Sasa la mwisho ambalo nimekuficha. Mama yako alikuwa mpokea simu wa hospitali miaka thelathini, unajua alivyokuwa anatamka, kila neno limenyooshwa. Midomo ya watu wengine inanishinda, wanameza maneno. Ya kwake niliisoma kama gazeti. Mara nyingi alirekodi ameelekea ukutani. Mara nne alielekea kwenye kioo, na mimi nilikuwa kwenye kiti changu. Nilijua maneno si yangu. Nilitazama. Kila alipomaliza niliyaandika siku ileile kwenye kitabu changu cha kupokelea saa, kile chenye kaboni inayotoa nakala chini ya kila karatasi, kwa sababu ndicho kilichokuwa mkononi. Nikakificha. Sikuona kama ni nakala ya kitu chochote, niliona ni wizi, na kukupa ni kukiri kwamba sisikii. Mpaka barua yako hii.

Ni nne tu kati ya thelathini na moja. Ishirini na saba nimekupotezea, na hizo sitazirudisha. Karatasi ya juu ni ya mteja, ndivyo tulivyofanya kazi siku zote. Hizi ndizo zako, nimezichana kitabuni leo. Nakala ya kaboni inabaki kwangu. Za kwanza tatu utazisoma mwenyewe. Ya nne naiandika tena hapa, endapo karatasi zitapotea njiani, maana umenifundisha.

Jina la mteja: Kengele.
Aina ya saa: (sikujaza).
Maelezo: "Kengele, leo nina nguvu kidogo kwa hiyo sikiliza. Usipowahi kunizika, usijibebeshe mzigo. Mimi nitakuwa sina haraka tena." Hapa alicheka. "Wewe ulichelewa hata kuzaliwa, siku kumi na moja, na nilikusubiri bila kununa." Hapa aligeuza uso, sikuona, kama dakika moja. Kisha: "baba yako hasikii. Amenikataza nisiseme, lakini mimi sijawahi kuwa mtu wa kukatazwa. Akikaa kimya usidhani amekasirika. Akikaa kimya ni kwamba hajui kama kuna mtu." Hapa aligeuza tena. Kisha akanitazama mimi, moja kwa moja, kupitia kioo: "Na wewe unayechungulia, andika kabla hujasahau."

Niliandika.

Baba yako,
Fundi Saa

1 Julai

Baba, shikamoo.

Karatasi zimefika, zote nne. Nimezisoma kwenye ukumbi wangu kwa sauti, nimevua viziba masikio, feni zinavuma. Kila ulipoandika "hapa aligeuza uso" nilisimama kidogo, kisha nikaendelea.

Nimezipiga chapa neno kwa neno, na hizo kugeuza uso zote. Nakala moja ni karatasi zako, ziko kwangu. Ya pili ni kaboni, iko kwako. Ya tatu nimeituma leo. Saa kumi taa ilipopepesa, haikuwa kuchungulia. Kama ulikuwa kwenye kiti, uliiona ikipepesa muda mrefu zaidi ya siku zote. Boksi si tupu tena, lina faili moja.

Nimeomba ruhusa, safari hii mapema. Nafika tarehe ishirini na mbili. Nina maneno ya miaka miwili, na mengine nilishayasema nikayapoteza mlangoni. Nataka kuyasema upya. Sitaingia kwa mlango wa karakana. Kaa kwenye kiti chako, elekea kioo, na mimi nitakaa kwenye kiti cha Mama.

Nitasema polepole, na sitageuza uso.

Kengele